MASWALI YENU: Fundi bomba aliyeokota bahari nzima

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu, fuvu la mnyama wa baharini lenye urefu wa mita 2, limewekwa nyuma ya kioo kule Kimmeridge, kijiji kidogo cha pwani ya Dorset kusini mwa Uingereza, na chini ya picha tukaandika mistari mitatu kwamba makumbusho yale yametokana na visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, alivyookota mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa ufundi bomba. Jamani, mmeandika! Na mi nimefurahi mno, manake hii mada naipenda tangu siku niliyofika pale nikakaa humo ndani mpaka wakaanza kufunga. Nimechukua yale maswali ambayo wengi mmeyauliza, kila mtu kwa namna yake.

Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi, tumebishana darasani kuhusu ile picha. Wenzangu wanasema haiwezekani fundi bomba akawa na makumbusho, lazima kuna profesa nyuma yake. Ni kweli au mlitia chumvi?

Marahaba mwanangu. Waambie wenzako hatujatia chumvi hata punje. Anaitwa Steve Etches, na riziki yake kaitafuta kwa kuunga na kuziba mabomba ya watu, hana digrii ya jiolojia, hakuna profesa aliyemtuma. Kisukuku chake cha kwanza alikiokota akiwa na miaka mitano tu, yule mnyama wa baharini wa mviringo mwenye miiba mwili mzima, sasa huyo alikuwa ameshageuka jiwe gumu, lile la kutoa cheche za moto. Alipokuwa mtu mzima akaanza kwenda ufuo wa Kimmeridge siku ambazo hana kazi, na akaendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 30, kipupwe na kiangazi, hasa baada ya dhoruba, manake mawimbi yakishapiga lile genge, yaani ule ukuta wa mwamba uliosimama kando ya bahari, ndo vitu vipya vinachungulia.

Alipokuwa anaviweka? Gereji ya nyumbani kwake. Aliigeuza ikawa stoo na karakana na sehemu ya kuonyeshea, vyote kwa pamoja, na wataalamu wa vyuo vikuu wakawa wanakuja pale gereji kuangalia. Hebu fikiria, mtu ana shahada tatu anagonga mlango wa gereji ya fundi bomba kuomba aone jiwe. Mwisho mkusanyo ukapita visukuku 2,000 na swali likawa hili la kila mkusanyaji, siku nikifa hivi vitu vinakwenda wapi? Angeweza kuuza. Kimoja kimoja, kwa matajiri wanaopenda kuweka fuvu sebuleni, angepata hela nyingi tu. Hakuuza, aliukabidhi mkusanyo wote kwa taasisi ya hisani, pesa zikachangishwa, sehemu kubwa kutoka mfuko wa bahati nasibu ya taifa unaosaidia mambo ya urithi, jumla kama paundi milioni 5, na Oktoba 2016 makumbusho yakafunguliwa palepale kijijini, dakika chache tu kutoka kwenye lile genge. Miaka miwili kabla ya hapo, 2014, alikuwa ameshapewa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza, kwa mchango wake kwenye elimu ya visukuku.

Kitu kimoja ambacho picha yetu haikuonyesha, humo ndani kuna karakana yenye kioo, wageni mnamuona mtu anafanya kazi mle ndani. Siku niliyokwenda mi kulikuwa na mtu kainama juu ya bamba la jiwe la kijivu, taa imeshushwa karibu kabisa, mkononi ana kitu kama kalamu kimeunganishwa na mpira wa hewa. Hiyo wanaiita kalamu ya hewa, ni kama nyundo ndogo sana inayotikisika mara nyingi kwa sekunde moja, inalegeza jiwe punje kwa punje. Nilisimama pale dakika 20 hivi, jiwe lililotoka lingejaa kijiko cha chai. Halijafika hata nusu.

Dada mhariri, naomba nieleweshwe. Hao ni wanyama wa bahari, sasa wamefikaje ndani ya genge, tena juu kuliko maji? Na kwa nini hapo Kimmeridge wapo wengi hivyo?

Asante mama kwa swali zuri, na wala usione aibu, wengi wamelikwepa. Hawakupanda wao. Walizama chini ya bahari, na sakafu ya bahari ndo iliyopanda.

Miaka kama milioni 150 iliyopita, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, sehemu kubwa ya Ulaya ilikuwa visiwa vilivyotapakaa kwenye bahari ya joto isiyo na kina kikubwa. Pale ambapo leo ni Dorset palikuwa chini ya maji. Tope laini likawa linashuka taratibu, mwaka juu ya mwaka, na kila kilichokufa kikashuka nalo. Sasa siri ya Kimmeridge iko hapa, chini kabisa kwenye lile tope mara nyingi hapakuwa na oksijeni ya kutosha. Pasipo na oksijeni hakuna kaa, hakuna minyoo, hakuna wa kuja kula mzoga na kutawanya mifupa. Samaki akianguka analala alivyo, na magamba yake, wakati mwingine hata na alichokula. Baadaye tope likakandamizwa likawa mwamba, na mamilioni ya miaka baadaye ile misukumo ya ardhi iliyoinua milima ya Alps kule kusini ikakunja na kuinua na tabaka za huku, kisha bahari ya leo ikaanza kuzikata pembeni. Ndo hilo genge. Ukisimama ufukweni unaliona kama keki iliyokatwa, tabaka jeusi, la kijivu, jembamba la njano, jeusi tena.

Na ule weusi si wa bure, ni mabaki ya vijimea na vijidudu vya baharini ambavyo havikuoza. Kuna tabaka pale ukilitia moto linawaka, tena linatoa harufu nzito ya mafuta, na watu wa zamani, hata kabla ya Warumi kufika, walikuwa wanachonga bangili kwa huo mwamba mweusi. Tope hilohilo, likiwa limezikwa chini zaidi upande wa Bahari ya Kaskazini, ndo limetoa sehemu kubwa ya mafuta yanayochimbwa kule. Juu ya ghuba ya Kimmeridge yenyewe kuna pampu ya mafuta, kisima chake kilichimbwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ukosefu wa hewa uleule uliotuhifadhia samaki na magamba yake ndo ukatupa na petroli. Mi hilo jambo huwa linanishika kila nikiliwaza.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Wanafunzi wangu wote wanaita lile fuvu "dainosa". Nisaidie kuwaeleza ni mnyama gani, limetolewaje, na hizo habari za nguvu ya kung'ata ni za kweli au za mitandaoni?

Mwalimu, kwanza waambie si dainosa. Ni pliosoria, mtambaazi wa baharini, kichwa kikubwa, shingo fupi, na badala ya miguu alikuwa na makasia manne. Alikuwa anapumua hewa, kwa hiyo lazima apande juu kuvuta pumzi kama nyangumi wa leo. Dainosa ni ukoo mwingine kabisa wa nchi kavu, waliishi zama moja, ila kuishi zama moja hakumfanyi kasa awe tembo.

Stori ya kulitoa ni ndefu na mi naipenda yote. Mwaka 2022 rafiki yake Etches alikuwa anatembea ufukweni akakuta ncha ya mdomo wa mnyama imeanguka kwenye changarawe, kipande kikubwa, meno yamo. Akampigia simu Etches. Wakarudi na machela ya kujitengenezea, wakakibeba kabla maji hayajajaa, kama mnavyombeba mgonjwa. Sasa kama mdomo umeanguka hapa, kichwa kilichobaki kiko wapi? Wakarusha droni mbele ya genge, ikapiga picha, wakaona pale juu mfupa umetokeza. Tatizo ni kwamba huwezi kupafikia kwa chini na genge lenyewe linamomonyoka, kwa hiyo ilibidi washuke kwa kamba kutoka juu, wakining'inia, wanachimba kwa patasi na nyundo mwamba ambao muda wowote unaweza kuachia, huku wanajua wakichelewa dhoruba za kipupwe zitalishusha fuvu lote baharini lipasuke. Walilitoa. Baada ya hapo Etches akakaa nalo miezi mingi kwenye karakana anaondoa jiwe. Januari 2024 BBC ikaonyesha kipindi chake, David Attenborough ndo msimulizi, na fuvu likawekwa makumbushoni watu walione.

Namba sasa. Fuvu ni mita 2, meno 130, na mnyama mzima wanamkadiria mita 10 hadi 12. Meno yake ukiyaangalia kwa karibu, upande wa nyuma yana mistari midogo iliyosimama, kama matuta membamba, inasaidia jino kuzama kwenye nyama na kutoka haraka ili ang'ate tena. Juu ya kichwa kuna tundu ambalo wataalamu wanaona palikuwa na jicho la tatu, si la kuona picha bali la kuhisi mwanga, baadhi ya mijusi wa leo wanalo. Na mdomoni mbele kuna vishimo vidogovidogo, huenda vilimsaidia kuhisi msukosuko wa maji windo likipita karibu.

Nguvu ya kung'ata si uzushi wa mitandaoni, ni makadirio ya mtaalamu wa chuo kikuu aliyepima nafasi za misuli kwenye fuvu, akapata kama nyutoni 33,000. Mamba wa maji ya chumvi, ambaye leo hakuna mnyama hai aliyepimwa akamzidi, anafika nyutoni 16,000. Ukitaka darasa lielewe haraka waambie 33,000 ni kama kubanwa na uzito wa kilo 3,300, na uzito wote huo unashukia kwenye ncha za meno. Ila mwalimu sisitiza neno makadirio, tafadhali. Misuli haikubaki, waliihesabu kutokana na mifupa.

Samahani, nitasema ukweli. Mimi sifurahishwi na hizi sifa. Mtu asiye na elimu akivamia visukuku anaharibu ushahidi, na nyinyi mnamfanya shujaa. Kazi hii si iachwe kwa wataalamu?

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara tatu na sitaki kukujibu juujuu, manake nusu yake uko sahihi. Kuna watu wanavamia magenge na nyundo na patasi, wanang'oa kichwa wanaacha mwili, wanauza, na hakuna anayejua tena kile kichwa kilitoka tabaka gani. Huo ni uharibifu, sina neno lingine. Kisukuku kisichojulikana kilipotoka kimepoteza zaidi ya nusu ya thamani yake, hata kiwe kizuri vipi, kinakuwa pambo.

Lakini hebu tuangalie ni nini hasa kinachomtenganisha mharibifu na mwokoaji, je ni cheti? Etches tangu zamani alikuwa anaandika kila kitu, kisukuku kimetoka tabaka lipi, sehemu gani, lini. Genge la Kimmeridge tabaka zake zimepangwa na kupewa majina, kwa hiyo ukijua tabaka unajua kiumbe hiki kilikuwepo kabla au baada ya kile. Na kwa vile amekusanya sehemu moja tu, mwamba mmoja, maisha yake yote, amepata kitu ambacho makumbusho makubwa yenye vitu kutoka kila pembe ya dunia hayana, yaani picha ya bahari moja nzima na nani alikuwa anamla nani. Mifupa yenye alama za meno ya mwingine. Magamba yaliyopasuliwa. Si majitu matupu. Mtu mwenye haraka ya kuuza asingeokota hata nusu ya hivyo, havina bei.

Na vyuo vikuu vimefaidi. Mwaka 2009 Etches alitoa mwambani ikthiosoria, hao ni watambaazi waliokuwa na umbo kama la pomboo, huyu alikuwa mdogo, kama mita 2 hivi, macho makubwa, kifua kipana na meno madogo ya kuhesabu kwa mamia. Wataalamu wa Portsmouth wakamchunguza, na 2020 wakamtangaza kuwa ni jamii mpya isiyowahi kujulikana, wakampa jina Thalassodraco etchesi. Hilo neno la pili ni jina la fundi bomba wetu. Kichwa cha mtambaazi mmoja wa kuruka angani alichokipata nacho kikatangazwa jamii mpya mwaka 2013.

Kisha angalia nyuma kidogo. Mary Anning wa Lyme Regis, pwani hiyohiyo ya Dorset, baba yake alikuwa seremala, akafariki 1810 akaiacha familia na madeni. Mwaka uliofuata kaka yake akaliona fuvu la ikthiosoria ufukweni, na Mary mwenyewe, binti wa miaka 12 hivi, ndo akatafuta mpaka akaupata mwili uliobaki. Mwaka 1823 akatoa plesiosoria kamili ya kwanza, yule wa shingo ndefu. Wanaume wenye vyeo wakaandika vitabu kwa visukuku vyake, yeye hata kuingia kwenye jumuiya ya wanajiolojia ya London hakuruhusiwa, wanawake hawakupokelewa kuwa wanachama mpaka 1919, na Mary alifariki 1847. Alfred Leeds alikuwa mkulima karibu na Peterborough, akawa anapita kwenye mashimo ya udongo wa matofali akiokoa mifupa kabla haijaenda kwenye tanuri. Katika mifupa hiyo akatoka Leedsichthys, samaki anayehesabiwa kuwa kati ya samaki wakubwa kuliko wote waliowahi kuishi, akapewa jina hilo 1889. Bila mkulima yule, hao samaki wangekuwa kuta za nyumba za watu.

Wataalamu ni wachache, ndugu yangu, na mawimbi hayasubiri likizo ya chuo. Genge linaanguka Jumanne usiku, Jumatano asubuhi lazima awepo mtu, la sivyo kufika Ijumaa bahari imeshasaga kila kitu. Huyo mtu wa Jumatano asubuhi ndo tunayemsifu, kwa sharti kwamba anaandika na kwamba anaonyesha wengine alichopata.

Mhariri, nina amonaiti ndogo niliyopewa zawadi, imetoka Dorset, ilikuwa inang'aa kama dhahabu. Sasa inatoa unga mweupe na imepasuka. Niipake vanishi?

Pole sana dada, na nakuomba usiipake kitu chochote kwanza. Hilo tatizo nalijua kwa maumivu. Amonaiti, kwa wasiojua, ni ndugu wa ngisi na pweza aliyekuwa anaishi ndani ya gamba la kujizungusha kama kamba iliyosokotwa kwenye duara. Zile zinazong'aa kama dhahabu ni kwa sababu gamba limebadilishwa na pairaiti, madini ya chuma na salfa. Pairaiti ikikutana na unyevu na hewa inaanza kuoza, inatoa asidi ya salfa na unga wa chumvi za chuma, unga unahitaji nafasi zaidi kwa hiyo unaipasua kutoka ndani.

Mi nilikuwa nayo moja, ukubwa wa kifungo cha koti, niliiokota Charmouth, pwani hiyohiyo ya Dorset, kwenye changarawe ikiwa imelowa, na siku hiyo niliona kama nimeshika jua. Niliiweka rafuni jikoni, kwenye kisanduku cha karatasi ngumu, pamoja na kikaratasi nilichoandika tarehe na sehemu ya ufuo. Mvuke wa birika ulikuwa unaifikia kila siku na mi sikujua. Baada ya miaka miwili nikafungua, harufu kama ya njiti ya kiberiti iliyozimika, ndani kuna vumbi la njano na nyeupe, mistari ya gamba inaonekana upande mmoja tu, na kile kikaratasi kimekuwa cha kahawia, kimetoboka katikati, asidi imekila. Nakumbuka ni Charmouth. Lakini tarehe na upande gani wa ufuo havisomeki tena, na hilo liliniuma kuliko lile gamba.

Kwa hiyo yako itoe hapo ilipo leo hii. Brashi laini kavu, ondoa unga taratibu, usioshe kwa maji kama tayari inaoza. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na vibadilishe au vikaushe vikishajaa unyevu. Itenge na visukuku vingine. Karatasi ya maelezo iweke nje ya kopo, na nakala piga picha. Vanishi inafunika tu kwa juu, unyevu na chumvi vilivyo ndani vinaendelea na kazi yao, alafu siku ikipasuka inapasuka na vanishi yake na hata mtaalamu anashindwa kuitibu. Makumbusho wana dawa ya kuua ile asidi ila ni kemikali za maabara, si za kuchezea nyumbani. Na kwa yeyote atakayeokota mpya ufukweni, mambo ni tofauti kidogo, hiyo ambayo haijaanza kuoza iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku, chumvi ya bahari itoke, kisha ikauke kabisakabisa ndo uihifadhi.

Nikienda Kimmeridge na mimi naweza kuokota?

Hapana kaka, pale usitegemee kuondoka na kitu. Kimmeridge ni eneo linalolindwa kisheria kwa ajili ya jiolojia yake, kugonga nyundo au kuchimba genge hairuhusiwi, na ardhi ina mwenyewe, kwa hiyo ukitaka chochote zaidi ya kuangalia omba ruhusa. Pwani nzima hiyo, kama kilomita 150 hivi, ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001. Wanaotaka kuokota huwa wanakwenda Charmouth na Lyme Regis, huko kuna utaratibu wa kuokota vilivyokwisha kuanguka ufukweni, ukipata kitu cha maana unakiandikisha, na kituo cha Charmouth kina matembezi ya kuongozwa kwa wageni. Angalia ratiba ya maji kujaa kabla hujaondoka. Usikae chini ya genge, hata kula andazi usikae, mawe yanaanguka bila taarifa na yameshaua watu kwenye pwani ile.

Kwa nini hawakuvipeleka tu London kwenye makumbusho makubwa, ambako watu wengi wangeviona?

Vingekuwa kwenye droo. Makumbusho makubwa yana mamilioni ya vitu na vinavyoonyeshwa ni vichache sana. Pale kijijini unatoka mlangoni, unashuka barabara nyembamba, unaona mwamba wenyewe uliotoa vile vitu, unapanda tena unaviangalia upya. Mi nilifanya hivyo mara mbili siku moja na mara ya pili niliona vitu ambavyo asubuhi nilivipita.

Tukifanikiwa kufika, mama na watoto watatu, na watoto hawana subira, tuwaonyeshe kitu gani kimoja?

Watoto wenyewe watakimbilia fuvu, waacheni, na juu darini kuna picha zinazotembea za ile bahari ilivyokuwa, wanyama wanaogelea juu ya vichwa vyenu kama mko chini ya maji, hapo watatulia kidogo. Hiyo ndo nafasi yako mama. Tafuta amonaiti, na uliza wahudumu yalipo mayai.

Ndiyo, mayai. Amonaiti wameokotwa kwa malaki duniani kote, kila makumbusho wanao, ila mayai yao yalikuwa hayajulikani vizuri, ni vitu laini, vinaoza kwa siku chache. Etches akiwa anasafisha visukuku vyake aliona kwenye baadhi ya mabamba kuna vijidoa vya mviringo vimekusanyika pamoja, karibu na gamba au ndani yake, vidogo kiasi kwamba mtu mwingine angevipitisha kalamu ya hewa na kuvifuta akidhani ni uchafu wa jiwe. Yeye alisimamisha mashine. Mwaka 2009 akiwa na wenzake wawili wakatoa andiko la kisayansi kwamba hayo ni mayai ya amonaiti, pamoja na vichanga vyenyewe.

Mpe kila mtoto nafasi yake kwenye kioo. Ni vidoa tu, kama mtu kamwaga mtama mdogo juu ya jiwe, mwanzoni hawataona kitu. Waambie waangalie kwa pembeni, mwanga ukipita kwa ubavu kila kidoa kinatoa kivuli chake, ndo wanaanza kuhesabu.